Uzi: Kabla hujanunua ADC ya biti 16, tafuta kwanza kosa la vipimo vyako linatoka wapi

#1 fundi_mawimbi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna swali linarudi humu kila mara: "Kihisi changu namba zinacheza, ninunue ADC gani?" ADC ni kile kigeuzi kinachobadilisha volteji ya kihisi kuwa namba. Na jibu nalo huwa lile lile: chukua ADS1115 (chipu ya ADC ya kuongeza pembeni), ina biti 16, shida imekwisha. Nimefungua uzi huu kwa sababu jibu hilo linawatoa watu fedha mfukoni na shida inabaki pale pale. Wingi wa biti unakwambia hatua ya kusoma ni ndogo kiasi gani. Kama hicho unachokisoma ni kweli au si kweli, biti hazihusiki.

Tuchukue mashine ya kutotolesha vifaranga, maana wengi humu ndiyo mnayojenga: bodi ya Arduino Uno, kihisi cha joto cha LM35, rilei, balbu na feni. Mayai ya kuku kwenye mashine yenye feni yanataka kama nyuzi 37.5, siku 21. Hapo nyuzi moja juu au chini ni jambo zito, kwa hiyo huu ni mfano mzuri wa kupimia usahihi.

LM35 inatoa milivolti 10 kwa kila nyuzi moja. Kwenye nyuzi 37.5 inatoa milivolti 375. ADC ya Uno ni ya biti 10, yaani inagawa volteji ya rejea (ile inayoichukua kama kipimo cha juu kabisa) vipande 1024. Usipogusa kitu, volteji ya rejea ni ile ile ya umeme wa bodi, volti 5. Gawa 5 kwa 1024, unapata milivolti 4.88 kwa hatua moja, sawa na karibu nusu nyuzi. Ndiyo maana skrini yako inaonyesha 37.1, kisha inaruka 37.6, kisha 38.1, na katikati hapo hakuna kitu. Hakuna ubovu wowote hapo. Ndivyo ulivyoipanga isome.

Lakini hilo ndilo kosa dogo. Kubwa ni hili: nani kakuhakikishia kwamba ile 5 ni 5? Umeme wa USB unaruhusiwa kushuka hadi 4.75, na ukiwa na waya mrefu wa bei rahisi unashuka hata zaidi ya hapo. Programu yako imeandikwa 5.0. Bodi ikipata 4.75, LM35 ikiwa kwenye nyuzi 37.5 za kweli, ADC itatoa namba 80, na programu itakuonyesha 39.1. Geuza upande wa pili uone hatari yake: mashine inayojitahidi kushika 37.5 kwenye skrini itakuwa inashika kama 35.6 ndani ya sanduku. Mayai yanapoa, mfugaji analaumu jogoo.

Tiba yake haina gharama. Chipu ya Uno, ATmega328P, ina rejea ya ndani ya volti 1.1. Andika analogReference(INTERNAL) kwenye setup. Hatua inashuka kutoka milivolti 4.88 hadi kama 1.07, yaani nyuzi 0.1, na upeo unabaki nyuzi 110, unatosha na kubaki. Umeme wa USB ukiyumba, rejea hiyo haiufuati.

Ila usiandike 1.1 ukalala. Mtengenezaji mwenyewe anasema rejea hiyo inaweza kuwa popote kati ya 1.0 na 1.2, kila chipu na yake. Jambo jema ni kwamba chipu moja ikishakuwa na 1.08 inabaki karibu na 1.08. Washa rejea ya ndani, soma mara moja, kisha weka testa kwenye pini ya AREF (hapo ndipo volteji ya rejea inapotokea), chukua namba unayoiona na uiandike kwenye programu. Na wakati rejea ya ndani inatumika usichomeke waya wa 3.3 wala 5 kwenye AREF, utaunguza chipu.

Nitaendelea kadri maswali yanavyokuja. Leteni kesi zenu, na mkiweza leteni namba za testa pia.

#2 kuku_wa_kibaha

Mkuu, uzi umekuja wakati wake. Mimi ninayo mashine ya mayai 200, Uno na LM35 kama ulivyosema. Feni ikiwa imezima nasoma 37.4. Ikiwaka tu, palepale inakuwa 39 na kitu. Hakuna hewa inayopanda nyuzi 2 ndani ya nusu sekunde. Nimebadilisha LM35, hali ni ile ile. Nimeweka wastani wa usomaji 50, bado. Na rejea nimeshaweka INTERNAL.

#3 fundi_mawimbi (mleta uzi)

Mkuu, umejijibu mwenyewe uliposema hewa haiwezi kupanda hivyo. Kinachopanda ni grandi, yaani volteji ya ule waya hasi (GND) unaohesabiwa kuwa sifuri.

Fuatilia mkondo wa feni. Unatoka kwenye adapta, unapita kwenye feni, halafu lazima urudi kwenye adapta kupitia waya hasi. Ukiwa umeunganisha mguu wa grandi wa LM35 kwenye waya huo huo, basi kihisi chako kimekaa juu ya waya unaopitisha mkondo wa watu. Waya mwembamba wa bredibodi, urefu wa kama sentimita 25, una ukinzani wa karibu omu 0.05. Feni na koili ya rilei pamoja zikivuta ampea 0.4, zidisha: milivolti 20. Kwa LM35, milivolti 20 ni nyuzi 2. Ndizo hizo unazoziona.

Usiniamini kwa maneno, pima. Weka testa kwenye milivolti za DC. Ncha moja kwenye GND ya Arduino, ncha nyingine kwenye mguu wa grandi wa LM35 wenyewe, siyo kwenye tundu la jirani la bredibodi. Feni ikiwa imezima utaona sifuri au karibu yake. Washa feni. Ukiona namba inaruka, umemkamata.

Kurekebisha: feni na rilei ziwe na waya wao hasi unaokwenda moja kwa moja hadi kwenye adapta, mnene. LM35 iwe na waya wake wa grandi unaokwenda kwenye GND ya Arduino bila kupakia abiria mwingine njiani. Halafu Arduino nayo ifike kwenye adapta kwa waya wake. Waya zote hasi zikutane sehemu moja tu, kwenye adapta.

Na angalia: wastani wa usomaji 50 haukukusaidia kwa sababu kosa lako haliyumbi. Limesimama. Wastani wa uongo uliosimama ni uongo ule ule.

#4 Saketi_Bubu

Mleta uzi naheshimu mchango wako ila hapo kwenye wastani sikubaliani. Mimi nasoma mara 1000 nachukua wastani, namba imetulia kabisa kwenye desimali mbili. Sijawahi kununua rejea wala chujio. Watu wanakuza mambo madogo.

#5 fundi_mawimbi (mleta uzi)

Mkuu Saketi_Bubu, karibu, na hoja yako ina ukweli ndani yake. Tuutenganishe.

Makosa ya usomaji yako ya aina mbili. Kuna kuyumba, namba inacheza juu na chini kuzunguka thamani fulani. Na kuna kupinda, thamani yenyewe ya katikati imehama. Wastani unapunguza kuyumba, tena kwa kipeuo cha pili cha idadi ya usomaji: usomaji 100 unapunguza kelele mara 10, usomaji 10,000 mara 100. Kupinda haukugusi hata kidogo. Namba yako kutulia kwenye desimali mbili inaonyesha kwamba umeshinda kuyumba. Kama rejea yako ina kosa la asilimia 3, zile desimali mbili zimetulia asilimia 3 mbali na ukweli.

Hata kwenye kuyumba kuna masharti. Ukitaka kuongeza biti kwa kusoma mara nyingi, kanuni ni 4 kwa kila biti moja: biti 1 ya ziada usomaji 4, biti 2 usomaji 16, biti 3 usomaji 64. Jumlisha usomaji 16, gawa kwa 4, unapata namba kati ya 0 na 4092 kutoka kwenye ADC ya biti 10. Kinafanya kazi kweli. Lakini kinahitaji mawimbi yawe na kelele kidogo, walau ya hatua moja hivi. Mawimbi yakiwa safi mno na ADC inatoa 77, 77, 77 bila kukoma, jumlisha hata mara milioni, utapata 77. Hapo kelele kidogo ni rafiki yako.

Sharti la pili ni umeme wa gridi. Kwetu ni Hz 50, mzunguko mmoja ni milisekunde 20. Waya wa kihisi ukipita karibu na waya wa balbu unadaka wimbi hilo. Uno inasoma mara moja kwa mikrosekunde 104 hivi, kwa hiyo usomaji 16 wa mfululizo unaisha ndani ya milisekunde 1.7. Umekamata kipande cha wimbi tu, mara juu, mara chini. Tandaza usomaji wako uchukue milisekunde 20 kamili, au 40, au 100. Sehemu ya juu na ya chini ya wimbi zinafutana zenyewe. Usihesabu usomaji, hesabu muda: anza, endelea kujumlisha hadi micros() ifike 20,000, kisha gawa kwa idadi uliyopata. Usomaji wako 1000 unachukua zaidi ya milisekunde 100, yaani mizunguko mitano na zaidi, na nadhani hiyo ndiyo sababu umetulia.

Mwenye kusoma mara moja tu kwa sekunde yuko pabaya zaidi. Gridi ikiwa 49.9 badala ya 50, usomaji wake utaonyesha joto linalopanda na kushuka taratibu kila sekunde 10, wimbi zuri kabisa, na ataapa kwamba ni balbu inawaka na kuzima. Wimbi hilo halipo kwenye sanduku. Limezaliwa kwenye kusoma. Likishaingia kwenye namba, hakuna programu ya kulitofautisha na joto la kweli, ndiyo maana chujio linakaa kabla ya ADC.

#6 mwalimu_wa_veta

Mleta uzi umeeleza vyema, nami niongezee kwenye chujio kwa sababu wanafunzi wangu hukwama hapo.

Chujio rahisi ni rezista moja na kapasita moja. Rezista kiloomu 10 na kapasita mikrofaradi 1 inakata kuanzia kama Hz 16. Watu wanaona 16 iko chini ya 50 wanadhani wimbi la gridi limekwisha. Halijaisha, limepungua kama mara 3 tu. Ukiweka mikrofaradi 10 linapungua kama mara 30, na kwa joto la sanduku hilo halina madhara, joto halibadiliki haraka.

Ila mikrofaradi 10 wengi wanachukua zile za mkebe, za elektroliti. Hizo huvujisha. Ikivuja mikroampea 1 tu kupitia kiloomu 10, umepoteza milivolti 10, nyuzi nzima ya LM35. Na uvujaji wenyewe unabadilika na joto pamoja na umri wa kapasita. Tumia za seramiki, au punguza rezista.

Msivuke kiloomu 10. Ndani ya ATmega328P kuna kapasita ndogo ya kushikilia mawimbi, kama pikofaradi 14, inayojazwa kila ADC inapotaka kusoma. Chanzo chenye ukinzani mkubwa hakiwahi kuijaza. Mtengenezaji anashauri kiloomu 10 au chini. Nimeona watu wanapima betri ya sola kwa rezista mbili za megaomu 1 ili kuokoa umeme, halafu wanashangaa volteji inafuata pini ya jirani. Ni ile kapasita, bado ina chaji ya chaneli iliyopita. Kama lazima utumie megaomu, weka nanofaradi 100 kati ya pini na grandi, na unapohama chaneli au kubadilisha rejea, usomaji wa kwanza utupe.

La mwisho kuhusu LM35. Haipendi waya mrefu. Inabeba pikofaradi 50 tu, na waya wa mita kadhaa unapita hapo, basi inaanza kutetemeka yenyewe na joto linasomeka ovyo. Dawa iliyoko kwenye karatasi za mtengenezaji: omu 75 na mikrofaradi 1 zikifuatana, kutoka mguu wa kutoa hadi grandi, palepale kwenye kihisi. Nanofaradi 100 nyingine kati ya umeme na grandi, nayo palepale.

#7 kuku_wa_kibaha

Wakuu nimerudi. Nimepima kama mlivyosema: feni imezima milivolti 0.2, feni imewaka milivolti 18. Nimetoa waya hasi wa feni na wa rilei nimeupeleka peke yake hadi kwenye adapta, sasa feni iwake isiwake nasoma 37.3. Nashukuru sana.

Sasa la pili. Nimeingiza kipimajoto cha homa cha duka la dawa, kinasema 38.1. Nani mkweli hapo?

#8 fundi_mawimbi (mleta uzi)

Hongera mkuu. Namba 18 hiyo ni darasa kwa wote wanaosoma hapa.

Kwanza, kabla ya kumtafuta mkweli, jua kwamba vyote viwili vina haki ya kukosea. LM35 ya daraja la juu (LM35A) ndiyo iliyohakikishwa ndani ya nusu nyuzi ikiwa kwenye nyuzi 25; ya kawaida inaweza kukosea nyuzi moja au zaidi, na mbali na hapo kosa linaweza kuongezeka. Rejea yako hujaniambia kama uliipima pini ya AREF au uliandika 1.1. Kama chipu yako ina 1.12 na umeandika 1.1, hapo tu kuna tofauti ya karibu nyuzi 0.7.

Pili, kipimajoto cha homa cha dijitali ni kizuri kuliko watu wanavyodhani. Mara nyingi kimehakikishwa ndani ya nyuzi 0.1 kwenye eneo la joto la mwili, na eneo hilo ndilo hasa la mayai yako. Lakini kimetengenezwa kushika kiwango cha juu kabisa kilichokutana nacho. Hewa ya sanduku ikipanda 38.1 kwa sekunde chache karibu na balbu, kitakaa na 38.1 hiyo hata joto likishuka. Kukilinganisha na LM35 ndani ya hewa inayozunguka ni kuonea wote wawili.

Fanya hivi. Chukua chupa ya chai yenye kushika moto, tia maji ya nyuzi 38 hivi. Vika LM35 na miguu yake mfuko mwembamba wa nailoni, funga vizuri maji yasifike kwenye miguu, kisha ifunge na ncha ya kipimajoto kwa uzi au raba zigusane. Zamisha vyote, koroga, subiri namba ya Arduino itulie. Zima kipimajoto, kiwashe upya, soma. Andika namba mbili pembeni. Ongeza maji baridi kidogo, koroga, rudia kwenye nyuzi 36 hivi. Kila unapohama washa kipimajoto upya, vinginevyo kinakusomea historia.

Ukiwa na jozi hizo mbili una mstari ulionyooka. Kama tofauti ni ile ile kote, ondoa tofauti hiyo, imekwisha. Kama inakua kadri joto linavyopanda, kuna kosa la uwiano, mara nyingi ni rejea. Kwa mashine ya mayai inayoishi kati ya 36 na 39, hata nukta moja pale 37.5 inatosha kwa kazi.

Usijaribu LM35 kwenye barafu na umeme wa kawaida wa volti 5. Ikilishwa hivyo haishuki chini ya nyuzi 2, utapata namba ya uongo na utasawazisha mashine yako kwa uongo huo.

#9 mto_songwe

Kwenye kusawazisha naomba nichomekee. Kuna kijana alisawazisha NTC zake (vihisi vya joto vya aina ya rezista) hapa Mbeya kwa barafu 0 na maji yanayochemka 100, kila kitu kikawa kimekwenda kombo. Mbeya tuko mita 1,700 juu ya bahari, maji huchemka kama nyuzi 94. Hali ni hiyo hiyo kwa wa Nairobi. Wa Dar na Mombasa ndio wenye haki ya kuandika 100.

Sasa la kwangu. Nina tenki la maji la mita 2 kwenda juu, nimefunga kihisi cha presha cha volti 0.5 hadi 4.5, kile cha megapaskali 0.5, nasoma na bodi ya ESP32. Nimegawa volteji kwa rezista mbili za kiloomu 10. Usiku maji yanaonekana yamepungua sentimita 30, asubuhi yamerudi. Tenki halivuji. Nimeagiza ADS1115, itafika wiki hii. Nitakuwa nimepona?

#10 fundi_mawimbi (mleta uzi)

Mkuu mto_songwe, asante kwa hilo la kuchemka, wengi wanaumia hapo.

Kwa tenki lako nasema wazi: hutapona. Twende na hesabu.

Mita 1 ya maji ni kilopaskali 9.81. Megapaskali 0.5 ni maji ya kama mita 51. Tenki lako ni mita 2, kwa hiyo unatumia asilimia 4 tu ya kihisi, zingine zote hazina kazi. Volti 4 kugawa kwa mita 51, kila mita inakupa milivolti 78, sentimita 10 ni kama milivolti 8. Halafu vihisi vya aina hiyo mara nyingi vimeandikwa usahihi wa asilimia 1 ya kipimo kizima. Asilimia 1 ya mita 51 ni nusu mita. Robo ya tenki lako! ADC ya biti 16 itakusomea nusu mita hiyo ya kosa kwa desimali nyingi sana.

Hilo la usiku na asubuhi lina wahusika wawili. Wa kwanza ni kihisi chenyewe kupoa, Mbeya usiku si mchezo, na kosa la joto nalo huhesabiwa kwa kipimo kizima. Wa pili ni umeme. Kihisi hicho hutoa volteji kwa uwiano wa umeme kinaolishwa. Kikilishwa 4.8 badala ya 5, sifuri yake inakuwa 0.48 na mwisho wake 4.32. Kwenye tenki lako, zile milivolti 20 zilizopotea pale sifuri peke yake ni sentimita 25 za maji. Taa za nyumba zikiwashwa, au betri ya sola ikishuka usiku, maji "yanapungua".

Uno inayotumia umeme huo huo wa volti 5 kama rejea ingekuokoa bila wewe kujua, kwa sababu kihisi na rejea vingeshuka pamoja na uwiano ungebaki ule ule. ESP32 ina rejea yake ya ndani, haijui kinachoendelea kwenye volti 5. ADS1115 nayo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo soma vitu viwili: volteji ya kihisi, na umeme wa volti 5 wenyewe, kila kimoja kupitia rezista zake mbili za asilimia 1. Gawa cha kwanza kwa cha pili. Jibu likiwa 0.1 ni sifuri, likiwa 0.9 ni mwisho wa kipimo. Volti 5 iyumbe itakavyo.

Kuhusu ESP32. Kugawa kwa mbili ni sahihi, kihisi kinakuja kati ya 0.25 na 2.25, na ADC yake kwenye mpangilio wa upeo mpana (desibeli 11) iko sawa kati ya 0.15 na 2.45 hivi. Karibu na sifuri na karibu na kilele inapinda, msipeleke mawimbi huko. Tumia analogReadMilliVolts badala ya analogRead, maana inatumia namba za kalibresheni zilizochomwa ndani ya chipu kiwandani. Rejea yake nayo inatofautiana chipu kwa chipu, milivolti 1000 hadi 1200. Tumia pini za ADC1, GPIO 32 hadi 39, kwa kuwa Wi-Fi ikiwaka ADC2 haitumiki. Nanofaradi 100 kwenye kila pini.

Lakini ukiniuliza fedha ya ADS1115 uielekeze wapi, ningekwambia ielekeze kwenye kihisi kinachofanana na tenki. Vipo vya kuzamisha vya mita 5, vinavyotoa mkondo wa miliampea 4 hadi 20. Asilimia 0.5 ya mita 5 ni sentimita 2.5. Na mkondo hauibiwi na urefu wa waya: kinachoingia upande huu ndicho kinachotoka upande ule, hata tenki liwe mbali na nyumba. Rezista ya omu 100 ya asilimia 0.1 inakupa volti 0.4 hadi 2.0, eneo zuri kabisa la ESP32. Sentimita 1 inakuwa milivolti 3.2. Na ukisoma chini ya miliampea 3.6 unajua waya umekatika, wakati kile cha volti kikikatika kinaweza kukuambia tenki tupu na pampu ikawaka usiku kucha.

#11 dada_wa_mizani

Kaka fundi_mawimbi, mimi nipo kwenye mizani. Seli ya kupimia uzito ya kilo 50 na HX711 (chipu ya ADC ya mizani), biti 24. Kwa maelezo yako hizo biti 24 ni mapambo? Na lini basi ADC ya biti nyingi inafaa kununuliwa? Nataka mizani hii iende sokoni.

#12 fundi_mawimbi (mleta uzi)

Dada, kwako ADC kubwa ni lazima. Seli za aina hiyo mara nyingi hutoa milivolti 2 kwa kila volti unayoilisha. Ukiilisha volti 5, kilo 50 zote zinaingia ndani ya milivolti 10. Kilo moja ni milivolti 0.2. Uno peke yake, hatua yake ya 4.88, ingeona kilo 24 kwa mkupuo. HX711 inakuza mara 128 kabla ya kusoma, inasoma tofauti ya waya mbili, na rejea yake inatokana na umeme ule ule unaolisha seli, kwa hiyo uwiano unabaki. Hayo matatu ndiyo yanayokusaidia. Biti 24 zote huzipati, za mwisho kadhaa ni kelele. Iache kwenye usomaji 10 kwa sekunde badala ya 80, inatulia zaidi na inazuia Hz 50. Kisha sawazisha kwa jiwe lenye uzito uliothibitishwa, karibu na uzito unaopima kila siku. Kwa biashara, Wakala wa Vipimo lazima waikague na kuigonga muhuri kabla hujamuuzia mtu kwayo.

Lini kununua: mawimbi yakiwa madogo sana, au ukitaka kusoma tofauti ya pini mbili. ADS1115 kwenye LM35 ya kuku_wa_kibaha ingekuwa na hatua ya nyuzi 0.0016, juu ya kihisi kinachoweza kukosea nyuzi nzima, haina maana. Lakini ukiunganisha pini yake ya AIN0 kwenye mguu wa kutoa na ya AIN1 kwenye mguu wa grandi wa LM35 yenyewe, inasoma tofauti ya miguu miwili, na zile milivolti 18 za feni haizioni. Hapo imelipa bei yake. Ila kumbukeni ule mpangilio wa ADS1115 wenye upeo wa volti 6.144 si ruhusa ya kuingiza volti 6, pini haitakiwi kuzidi umeme wa chipu zaidi ya volti 0.3.

Na kabla ya yote, kuna jaribio la kujua kosa liko upande gani. Ondoa kihisi. Chukua betri kavu ya 1.5, igawe kwa rezista mbili za kiloomu 1, weka nanofaradi 100, ipeleke kwenye pini ya ADC. Hiyo ni volteji tulivu isiyojua feni wala gridi. Namba zikitulia, ADC yako ni nzima, kachunguze kihisi, waya na grandi. Zikicheza, kosa liko kwenye bodi na umeme wake, na kihisi kipya hakitalitoa.

#13 mto_songwe

Nimefanya la betri muda huu. Imetulia, inacheza milivolti 1 au 2 tu. Nimepima volti 5 ya kihisi: mchana 5.02, sasa hivi taa zimewashwa, 4.79.

#14 fundi_mawimbi (mleta uzi)

Basi ni umeme, mkuu. Anza na kugawa kwa uwiano leo hii, rezista mbili tu na mistari michache ya programu. Kikibaki kiasi kinachopanda na kushuka na baridi, hicho ni cha kihisi, na hapo ndipo utafute kile cha mita 5.